Maswali ya Wasomaji: Filamu za Mkaa, Chaki na Picha Halisi

Katika toleo lililopita, ukurasa wetu wa filamu ulieleza kwa ufupi kazi za William Kentridge, msanii wa Johannesburg aliyezaliwa mwaka 1955, na hasa filamu yake ya dakika nane iitwayo Ubu Tells the Truth, iliyotoka mwaka 1997. Ndani yake mna picha halisi za polisi wa Afrika Kusini wakiwashambulia raia, mna michoro ya chaki nyeupe inayotembea juu ya karatasi nyeusi, na mna mhusika wa kubuni, mtawala katili aitwaye Ubu. Wasomaji wameandika kwa wingi, wengine kwa kuvutiwa na wengine kwa mashaka. Barua tulizozichagua zinagusa mambo ambayo hayajibiki kwa sentensi mbili, kwa hiyo safari hii majibu ni marefu kuliko kawaida. Majina ya walioandika hatukuyaweka.

Ndugu Mhariri, ikiwa picha za kweli za polisi wakipiga watu zipo, kuna haja gani ya kuzichanganya na katuni? Naona mchoro unalipunguzia jambo uzito wake, kwa kuwa watu wamezoea kwamba katuni ni burudani ya watoto. — Msomaji, Morogoro

Ndugu msomaji, hoja yako ina msingi, lakini tutazame kwanza hizo picha halisi ni picha za nini. Ni picha za barabarani na viwanjani: umati wa Cato Manor, mjini Durban, mwaka 1960, wanafunzi wa Soweto mwaka 1976, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand wakikimbizwa na polisi katika miaka ya 1980. Kamera iliweza kufika huko kwa sababu mahali palikuwa wazi, na hata huko haikuachwa ifanye kazi yake siku zote, kwani mwezi Novemba 1985 serikali ya makaburu ilipiga marufuku kupiga picha za ghasia katika maeneo yaliyowekwa chini ya hali ya hatari. Yaliyotendeka nyuma ya milango, katika vyumba vya mahojiano na kando ya mito ambako maiti zilichomwa moto usiku, hayana picha. Waliokuwa wakiteswa hawakuwa na kamera, na waliokuwa wakitesa hawakuwa na sababu ya kujipiga picha.

Mwezi Aprili 1996 Tume ya Ukweli na Maridhiano, chini ya Askofu Mkuu Desmond Tutu, ilianza kuwasikiliza mashahidi hadharani katika mji wa East London. Waathirika zaidi ya 21,000 walitoa maelezo yao, na maombi ya msamaha wa kisheria kutoka kwa waliotenda makosa yalizidi 7,000. Televisheni ilivionyesha vikao hivyo, lakini kilichoonekana ni mtu aliyeketi mbele ya maikrofoni akisimulia. Taifa zima likawa na maneno mengi kuhusu vyumba ambavyo halijawahi kuviona. Hapo ndipo Kentridge alipoingia na chaki yake.

Katika sehemu moja ya filamu, kamera inateremka taratibu mbele ya jengo refu, dirisha baada ya dirisha, na ndani ya kila dirisha mna kitendo cha mateso kilichochorwa kwa mistari michache tu. Kisha mwili unaanguka kutoka juu. Kwa mtazamaji wa Afrika Kusini wa mwaka 1997, mwili huo ulikuwa na majina. Ahmed Timol, mwalimu na mwanaharakati, alikamatwa Oktoba 1971 na akafa siku chache baadaye mikononi mwa polisi katika jengo la John Vorster Square mjini Johannesburg. Polisi walidai kwamba alijirusha kutoka ghorofa ya kumi, na uchunguzi wa mahakama wa mwaka 1972 ukayakubali maneno yao. Ilichukua hadi Oktoba 2017 kwa Mahakama Kuu kutamka kwamba Timol hakujiua bali aliuawa. Kwa miaka ishirini kabla ya tamko hilo, mchoro wa mwili unaoanguka mbele ya madirisha yaliyojaa watesaji ulikuwa tayari umesema jambo ambalo faili rasmi lilikuwa likilikana.

Kuhusu katuni na watoto, inafaa kukumbuka kwamba uhuishaji ulitumiwa kueleza maafa ya kweli tangu zama za sinema isiyo na sauti. Meli ya abiria ya Lusitania ilipozamishwa na nyambizi ya Ujerumani tarehe 7 Mei 1915, watu wapatao 1,200 walikufa na hakuna kamera iliyokuwapo. Mmarekani Winsor McCay alilichora tukio lile, picha moja baada ya nyingine, na filamu yake ikatoka mwaka 1918. Hakuna aliyeingia ukumbini kuitazama kwa ajili ya kuchekeshwa.

Mimi ni mwalimu wa sanaa katika shule ya sekondari. Naomba ueleze kwa vitendo jinsi Kentridge anavyozitengeneza filamu zake za mkaa. Je, anatumia kompyuta? Wanafunzi wangu hawaamini kwamba mtu mmoja anaweza kuchora maelfu ya picha. — Mwalimu, Nakuru

Mwalimu, wanafunzi wako wana haki ya kutoamini, kwa sababu yeye hachori maelfu ya picha. Katika uhuishaji wa kawaida, mchoraji huanza karatasi mpya kwa kila hatua ya mwendo. Kentridge hubandika karatasi moja kubwa ukutani, akachora kwa mkaa, akatembea hadi upande wa pili wa chumba iliko kamera ya filamu, akapiga fremu moja au mbili, kisha akarudi kwenye karatasi ileile. Anafuta kidogo, anaongeza kidogo, anarudi tena kwenye kamera. Mkono wa mtu ukiinuka, basi mkono umefutwa na kuchorwa upya mahali palepale, mara kadhaa wa kadhaa. Filamu nzima ya dakika kadhaa inaweza kutokana na karatasi kati ya 20 na 40. Kompyuta haina nafasi katika uchoraji huo, na kwa kawaida haanzi na hadithi iliyokwisha kuandikwa. Mchoro wa leo ndio unaomwonyesha wa kesho.

Jambo ambalo ningependa wanafunzi wako walitazame kwa makini ni doa. Mkaa haufutiki wote. Kila mahali mkono ulipopita pamebaki ukungu wa kijivu, kiasi kwamba mtu akitembea kwenye filamu anaacha nyuma yake kivuli cha hatua zake zote. Wengine wangeiona hiyo kuwa kasoro ya kurekebishwa. Yeye ameiacha ifanye kazi, na kwa filamu zinazohusu nchi iliyojaribu kufuta mambo yake yenyewe, sioni njia nyingine ambayo ingefaa zaidi. Katika Felix in Exile ya mwaka 1994, iliyotengenezwa wakati nchi ikielekea kwenye uchaguzi wa kwanza wa watu wote, maiti zimelala kwenye uwanda wa mashariki ya Johannesburg, magazeti yanazifunika, na kidogo kidogo zinamezwa na ardhi hadi uwanda unabaki mtupu. Lakini karatasi haijawa safi. Ukitazama vizuri, alama zao bado zipo.

Mfano mwingine mzuri wa kuwaonyesha darasani ni Mine ya mwaka 1991, mojawapo ya mfululizo alioanza mwaka 1989 kuhusu tajiri wa migodi aitwaye Soho Eckstein. Tajiri ameketi kitandani na sinia la kifungua kinywa, akiwa na birika la kahawa la kioo, la aina ile yenye kichujio kinachosukumwa chini kwa mkono. Anakisukuma kichujio. Hakisimami chini ya birika. Kinapenya sinia, kinapenya kitanda, kinaingia ardhini, kinapita katikati ya mabweni ambamo wachimbaji wamelala kwenye vitanda vya zege, kinazidi kuteremka hadi kwenye mwamba. Uhusiano wa asubuhi ya tajiri na usiku wa mchimbaji unaonekana kwa mchoro mmoja usiokatika, bila neno lolote kutamkwa. Kamera ya kawaida ingelazimika kukata kutoka chumba hadi mgodi, na katika mkato huo mtazamaji angeweza kujiambia kwamba hizo ni habari mbili tofauti.

Huyu Ubu ni nani hasa? Ni mtu wa kweli wa historia ya Afrika Kusini? — Msomaji, Mombasa

La, ni mhusika wa kubuni, na asili yake ni Ufaransa. Alfred Jarry alimweka jukwaani mjini Paris mwaka 1896 kama mfalme mroho, mwoga na muuaji. Karne moja baadaye, mwaka 1997, mwandishi Jane Taylor, Kentridge na kikundi cha vikaragosi cha Handspring walimleta Johannesburg wakamfanya afisa wa kikosi cha mauaji. Katika tamthilia yao mke wa Ubu anamshuku mumewe kwamba ana wanawake wengine, kwa kuwa usiku hayupo nyumbani na akirudi anakimbilia kuoga. Anachokiosha ni damu ya watu. Kentridge alitengeneza michoro iliyokuwa ikirushwa kwenye skrini nyuma ya waigizaji, na kutokana na michoro hiyo ikazaliwa filamu tunayoizungumzia.

Huku kwetu tumepoteza ndugu na hatujapata hata kaburi la kuwazikia. Nilipoisoma makala yenu niliumia. Mtu anawezaje kuchukua kifo cha mtu wa kweli akakiweka pamoja na katuni na mfalme wa kuchekesha? Si dhihaka kwa marehemu? — Mama mmoja, Bukavu

Mama, pole sana kwa msiba huo. Swali lako ndilo zito kuliko yote tuliyopokea, nami nitalijibu kwa kueleza kitu kimoja tu kilichomo kwenye filamu hii.

Kuna kichwa cha nguruwe kilichovalishwa spika za masikioni, na kichwa hicho kinalipuka. Asiyejua chanzo chake atakiona kuwa upuuzi, hata kichefuchefu. Chanzo chake ni ushahidi uliotolewa kuhusu polisi waliotega bomu ndani ya spika za masikioni, wakalijaribu kwenye kichwa cha nguruwe ili waone kama litaua, kisha wakalituma kwa posta. Lilikusudiwa Dirk Coetzee, afisa wa zamani aliyewahi kukiongoza kikosi cha mauaji na baadaye akatoboa siri zake. Kifurushi kikarudishwa hadi kwa wakili kijana Bheki Mlangeni huko Soweto. Alivaa spika zile mwezi Februari 1991, akafa.

Kentridge hakumchora Mlangeni. Alimchora nguruwe. Mtazamaji anaonyeshwa jaribio, yaani ule utulivu wa wataalamu waliokaa wakapima mlipuko kwa ajili ya kichwa cha binadamu, na kifo chenyewe kinabaki nje ya picha. Naamini huo ni uamuzi wa mtu anayejua kwamba si kila maiti ni ya kuonyeshwa. Katuni inamwelekea mtesaji, si aliyeteswa. Ubu ndiye anayevuliwa nguo mbele ya watu.

Msanii huyu aliijua picha ya maiti tangu utotoni. Baba yake, Sydney Kentridge, alikuwa wakili aliyetetea wapinzani wa ubaguzi wa rangi, na mwaka 1977 aliiwakilisha familia ya Steve Biko, mwanaharakati aliyefia mikononi mwa polisi, katika uchunguzi wa kifo chake. Mwana ameeleza mara kwa mara jinsi alivyoingia katika chumba cha kazi cha baba yake akiwa bado mdogo, akaona sanduku la manjano alilodhani lina chokoleti, akalifungua. Mlikuwa na picha za watu waliopigwa risasi Sharpeville, ambako polisi waliwaua watu 69 tarehe 21 Machi 1960. Mtu aliyekutana na picha halisi namna hiyo ana sababu ya kufikiri mara mbili kabla ya kumfungulia mwingine sanduku kama lile.

Hata hivyo sitakuambia kwamba kila dakika ya filamu imefaulu. Kuna pale kamera yenye miguu inapogeuka-geuka kuwa Ubu na Ubu kuwa kamera, na mchezo huo unarefushwa kupita haja. Mtu aliyefiwa akiwa ameketi ukumbini angekuwa na haki ya kutoka nje. Tamthilia iliyoizaa filamu ilikuwa na uangalifu zaidi. Maneno ya mashahidi wa Tume hayakutamkwa na mwigizaji aliyejifanya analia machozi ya mtu mwingine. Yalitamkwa kupitia kikaragosi cha mbao chenye sura tulivu, kikiongozwa na watu wawili waliosimama waziwazi pembeni yake, huku mkalimani akitafsiri kutoka ndani ya kibanda cha kioo kama ilivyokuwa kwenye Tume yenyewe. Kila aliyekuwa ukumbini aliona kwamba ule ni mti, na kwamba maneno ni ya mtu aliyekuwa hai mahali fulani nchini.

Ukipata nafasi, mama, tafuta pia The Missing Picture ya Rithy Panh wa Kambodia, iliyotoka mwaka 2013. Yeye mwenyewe alikuwa mtoto wakati Khmer Rouge, wapiganaji wa Kikomunisti, walipoutwaa mji mkuu wa Phnom Penh tarehe 17 Aprili 1975, na wazazi na ndugu zake walikufa katika utawala ule. Picha zilizobaki za miaka ile ni za propaganda ya watawala: watu wakilima kwa furaha, viongozi wakipungia mkono. Picha ya baba yake akifa haipo. Kwa hiyo alichongewa watu wadogo wa udongo, wakapakwa rangi, wakapangwa katika vijiji na mashamba ya udongo, na kamera ikapita katikati yao. Hawatembei. Hawafumbui midomo. Sauti inasimulia na wao wamesimama hivyo hivyo mwanzo hadi mwisho. Filamu hiyo ina upole ambao ile ya Kentridge haikuutafuta, na nadhani kwa mtu ambaye hajapata kaburi la ndugu yake itakuwa karibu zaidi.

Nimefanya kazi katika hifadhi za nyaraka hadi nilipostaafu. Sisi tulifundishwa kwamba waraka ni waraka na hadithi ni hadithi. Mchanganyiko huu utawafanya vijana wasijue tena lipi lilitokea na lipi limetungwa. — Mzee wa hifadhi, Tanga

Mzee wangu, shikamoo. Hofu hiyo ninayo pia, na sasa ambapo kompyuta inaweza kutoa sura ya mtu akisema maneno ambayo hajayasema, imeongezeka. Lakini hatari ninayoiona iko katika kuficha mahali picha halisi inapoishia na ya kubuni inapoanza. Pale maungio yanapoonekana wazi, mtazamaji hadanganywi. Hakuna anayeweza kuudhania mstari wa chaki wa Kentridge kuwa ni picha ya kamera. Kinyume chake, filamu nyingi zinazojiita za hali halisi huigiza tukio upya kwa watu na taa, zikalipaka rangi ya zamani, na haziandiki popote kwamba hayo ni maigizo. Hizo ndizo ningewaonya vijana kwanza.

Na waraka wenyewe, mzee, huwa hauji mtupu. Wewe uko Tanga, kwa hiyo huenda Vugiri unaijua. Kati ya mwaka 1935 na 1937, juu kule katika milima ya Usambara, Waingereza waliendesha mradi wa filamu za kuwaelimisha Waafrika, wakatengeneza filamu 35, wakazizungusha kwa lori Tanganyika na nchi jirani. Miongoni mwa zilizosalia mna moja inayohusu ugonjwa wa safura na nyingine inayohusu mashamba ya Kingolwira karibu na Morogoro. Nyuso ni za kweli, milima ni ya kweli, nguo ni za wakati ule. Lakini nani asimame wapi, nani awe mjinga na nani awe mwerevu, hayo yaliamuliwa na mtu aliyeshika kamera. Mtafiti akiichukua filamu ile kama dirisha la kuwatazamia babu zetu, atakuwa amepotoshwa kwa picha halisi tupu, isiyo na katuni hata moja ndani yake.

Kentridge anaitendea picha ya hifadhi kwa mashaka ya namna hiyo. Si bahati kwamba katika filamu yake kamera ina miguu mitatu inayotembea na ni mshirika wa Ubu: chombo kinachorekodi kinaweza kuwa chombo cha dola. Ndiyo maana picha za polisi hazikuwekwa pale kama ushahidi unaofunga mjadala. Zinakatwa fupi, zinaingia katikati ya michoro, na mtazamaji analazimika kujiuliza nani alikuwa amesimama nyuma ya lenzi siku ile, upande wa virungu au upande wa mawe.

Kuna njia nyingine ya kuyaonyesha maungio, ambayo wewe kama mtu wa hifadhi labda utaipenda zaidi. Ari Folman, Mwisraeli aliyekuwa mwanajeshi Lebanon mwaka 1982, alitengeneza filamu ya uhuishaji iliyotoka mwaka 2008, Waltz with Bashir, kuhusu kumbukumbu zake zilizopotea za vita vile. Karibu filamu yote ni michoro. Mwishoni kabisa michoro inakoma, na zinakuja picha halisi za wanawake wakilia katika kambi za wakimbizi wa Kipalestina za Sabra na Shatila, na za waliouawa. Wapo waliomlaumu kwamba amewageuza wafu kuwa hitimisho la hadithi yake mwenyewe, na lawama hiyo haikosi ukweli. Lakini juu ya swali lako, filamu ile iko wazi: hakuna mtazamaji anayetoka ukumbini bila kujua ni dakika ipi aliacha kutazama kumbukumbu ya mtu mmoja akaanza kutazama jambo lililotokea.

Je, msanii huyu ana kazi yoyote inayotuhusu sisi wa Afrika Mashariki? — Mfanyabiashara, Kariakoo, Dar es Salaam

Anayo, na inahusu hasa hapo ulipo. Waingereza walipoiteka Dar es Salaam mwaka 1916, eneo hilo lilitumika kuwa kambi ya wapagazi wa jeshi, na jina la Kiingereza la kikosi hicho cha wapagazi, Carrier Corps, ndilo lililobaki midomoni mwa watu kuwa Kariakoo, kama vile Nairobi kulivyobaki Kariokor. Mamia ya maelfu ya Waafrika walibeba risasi, chakula na mizinga iliyovunjwa vipande katika Vita vya Kwanza vya Dunia, wakafa kwa makumi ya maelfu, wengi wao kwa maradhi na njaa kuliko risasi. Kentridge aliwatengenezea onyesho liitwalo The Head & the Load, lililoonyeshwa kwanza katika jumba la Tate Modern, London, mwezi Julai 2018. Ni muziki, ngoma na maigizo pamoja, na nyuma ya jukwaa refu inarushwa michoro inayotembea. Wachezaji wanapita kwa msafara wakiwa na vitu vilivyokatwa kwa umbo la meli, silaha na vichwa vya watu, na taa zinavirusha vivuli vyao ukutani vikubwa mara nyingi kuliko wao. Wapagazi walipigwa picha chache sana zenye majina yao wenyewe. Katika picha za jeshi wao ni mstari mrefu ulio nyuma ya mzungu. Kuwaonyesha kama vivuli vikubwa kuliko jukwaa ni kuanza pale picha hizo zilipowaacha.

Mhariri, shikamoo. Nasoma chuo, mwaka wa pili. Bibi yangu ana habari ya maisha yake ambayo nataka kuitengenezea filamu, ila hakuna picha hata moja ya wakati huo. Sina fedha, nina simu tu. Nianzie wapi? — Mwanafunzi, Unguja

Marahaba, mwanangu. Anza na sauti. Kabla hujagusa mkaa, mrekodi bibi yako akisimulia, katika chumba chenye mazulia na mapazia ili sauti isirudi, feni ikiwa imezimwa na simu ikiwa karibu naye kuliko karibu nawe. Usimkatize. Pale anaponyamaza, mwache anyamaze, kwa sababu baadaye utagundua kwamba katika ukimya huo ndipo mchoro unapopata nafasi. Muulize wazi ni mambo gani anaridhia yasikike na watu wengine, na majina gani angependa yasitajwe.

Kisha tazama Yellow Fever ya Ng'endo Mukii wa Kenya, aliyoitengeneza mwaka 2012 akiwa mwanafunzi katika chuo cha Royal College of Art, London. Ni fupi, inahusu wanawake na mkorogo, na ndani yake mna sauti za mahojiano, michoro, na miili ya watu halisi wanaocheza na kupigwa picha moja moja kana kwamba nao ni michoro. Nakuelekeza kwake kwa kuwa alikuwa mwanafunzi kama wewe, na alianza na watu wa nyumbani kwake.

Kwa upande wa vifaa, mkaa wa kupikia utakusumbua, kwani ni mgumu na unakwaruza karatasi. Kata vijiti vyembamba vilivyonyooka, vibandue maganda, vijaze ndani ya kopo la bati lenye kifuniko ulichokitoboa tundu dogo, ukaliweke kwenye moto. Moshi utatoka tunduni. Ukikoma, epua na usifungue hadi kopo lipoe kabisa, la sivyo vijiti vitawaka. Nunua karatasi nzito, kwa sababu nyepesi itachanika kwa kufutwa. Ibandike ukutani. Simu ifunge mahali isipotikisika, mbele ya karatasi, na uzuie isijirekebishe yenyewe mwanga wala ukali wa picha. Usitumie mwanga wa dirishani: wingu likipita, filamu yako yote itapepesa. Ziba dirisha, tumia taa moja ileile tangu mwanzo hadi mwisho. Ukipiga picha 12 kwa kila sekunde inatosha, na kwa kuwa unafuta na kuongeza kwenye karatasi moja, dakika moja ya filamu inaweza kukuhitaji karatasi mbili au tatu tu, ingawa itakuhitaji picha 720.

Ukitaka kuongeza picha za hifadhi za Unguja ya zamani, andika chini ya kila moja imetoka wapi na ni ya mwaka gani, na usiweke picha ya bibi mwingine yeyote mahali ambapo mtazamaji atadhani ni wako. Pale ulipobuni, acha mchoro wako uonekane ni mchoro. Filamu ikikamilika, mwonyeshe yeye kwanza, umpe nafasi ya kukwambia kipi hakikuwa hivyo. Na ile rekodi ya sauti iweke nakala yake kamili isiyokatwa katika sehemu mbili tofauti, ikiwa na tarehe na mahali mliporekodia.